Mwanga Umezima, Mtu Amebaki

Siku ya gulio Kasulu inanuka dagaa, vumbi na moshi wa pikipiki. Melkiadi, mpiga picha za pasipoti mwenye kibanda jirani na stendi, alichuchumaa mbele ya ndoo ya asali akilikodolea macho tone lililoning'inia kwenye kijiko, wateja wamejazana mgongoni kwake.

"Kaka, unanunua au unaroga?" aliuliza mwenye asali. Epifania huyo, wa Kibondo. Kitenge cha njano, raba nyeupe zilizokwisha kuwa nyekundu kwa udongo.

"Nataka kuliona likiwa katikati, dada. Limeachia kijiko, halijafika chini."

"Macho yako hayatoshi?"

"Ya nani yanatosha?"

Epifania akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomponza. Mwezi haukwisha, anaitwa mpenzi, anaitwa asali wangu, na simu hazikatiki.

Mchana mmoja Epifania akaenda kuuona mtambo ambao Melkiadi aliuunda ili kunasa vitu vikiwa katikati. Melkiadi alikuwa ameziba dirisha la chumba kwa mablanketi. Humo ndani giza la kaburi. Katikati lilining'inia puto lililojaa maji. Pembeni, nyaya mbili nene zimeachiana nafasi ya kidole. Umeme ukiruka hapo hutoa cheche moja nyeupe, kali kama radi, na uhai wake haufiki hata sehemu moja ya milioni ya sekunde.

"Kamera nimeiacha wazi," alisema. "Puto likipasuka, kinasa sauti kinasikia, cheche inawaka yenyewe. Mwanga ndio unaopiga picha. Toboa, mpenzi."

Epifania akachoma sindano. Pa!

Aliona maji yamesimama hewani, mviringo kamili, puto lenyewe halipo. Ng'ambo ya maji, karibu na ukuta, Melkiadi: mkono juu, mdomo nusu wazi. Giza likarudi. Melkiadi hakuondoka. Alibaki palepale, kijani kidogo, hapepesi macho.

Kisha mkono ukamgusa begani, kwa nyuma.

"Umelowa, asali wangu?"

Alipiga yowe, akatoka mbio.

Utotoni kule Makere aliwahi kumwona baba yake amesimama mwisho wa shamba la mihogo, mchana kweupe, mdomo nusu wazi. Akamwita, kimya. Alipofika nyumbani alimkuta kwenye mkeka, amekufa tangu asubuhi. Sasa aliamini amemtazama Melkiadi kwa jicho lilelile, na kwamba akiendelea kumpenda atamzika. Siku hiyohiyo akapanda gari la Kibondo.

"Epi, ni mwanamume gani?" Melkiadi aliuliza kwenye simu.

"Usinitafute."

"Nitajie jina tu."

"Kula vizuri, Meki. Pikipiki usipande." Akakata, namba akaizuia.

Wiki tatu baadaye, soko la Kibondo, Epifania akipima asali, aliinua macho. Melkiadi amesimama katikati ya njia, juani, shati jeupe, mdomo nusu wazi, haneni.

Ndoo ikamponyoka Epifania. Akamshika mteja wake mkono.

"Mama, pale mbele kuna mtu?" alinong'ona.

"Oya, acha mchezo, nipimie."

"Mama, nakuomba. Kuna mtu?"

"Huyo kijana aliyesimama kama nguzo ya umeme? Yupo, anatuzibia njia!"

Epifania akaketi palepale kwenye asali iliyomwagika, akalia. Melkiadi alipomfikia, Epifania alimpapasa mashavu, masikio, hadi meno, ahakikishe ni mzima. Akamweleza yote.

"Ni jicho tu, mpenzi," Melkiadi alisema. "Mwanga mfupi vile unaliachia jicho picha. Mimi nimeshatembea, jicho halina habari. Hata mimi nilikuona umesimama na sindano, huku nakushika bega."

"Na baba? Ile haikuwa cheche, Meki. Lilikuwa jua."

Melkiadi aliitazama asali ikinywewa na vumbi. Angeweza kumpa jibu lolote. Mchungaji alishampa Epifania moja, mganga jingine.

"Hilo sijui," alisema.

Epifania akajifuta machozi kwa kitenge.

"Nioe, basi."

"Mimi ndiye niliyekuja kusema hivyo!"

"Umechelewa. Ila siku ukifa, usije kusimama mbele yangu."

"Niende wapi sasa?"

Epifania aliinuka kwenye asali, nyuki wakimtembea mikononi.

"Haya, njoo," alisema. "Ila uongee."