Perpetua Aliniambia Mungu Amekataa

Nina miaka thelathini na sita, naishi Karagita, kando ya ziwa, na kazi yangu ni kupanga waridi katika kampuni moja ya maua. Kidato cha nne nilikimaliza ukubwani, kwenye masomo ya jioni ya gumbaru, nikiwa nimechoka kuliko punda wa kubeba maji. Kwa hivyo msomaji, nikikosea mahali, nivumilie. Nikilia, lia nami!

Barasa ndiye aliyekuwa akinisubiri nje ya darasa na tochi yake. Yeye hurekebisha mifereji ya maji pale kazini. Mpole, mcha Mungu, mrefu kama nguzo ya stima. Aliponiambia anataka kunioa, nilipiga kigelegele hadi ploti nzima ikatoka nje kuuliza nani amezaa!

Lakini kanisani kwetu mtu haolewi hivi hivi. Kwanza unampelekea mwenzako wa maombi jambo lako, mnafunga pamoja, mnangoja Mungu aseme. Mwenzangu alikuwa Perpetua. Tulikuwa tumepiga magoti pamoja hadi zulia lake likatoboka. Siri zangu alizijua... zote!

Tukafunga. Mimi sikusikia kitu, ila tumbo likinguruma. Perpetua ndiye aliyekuja, machozi yakimlengalenga, akanishika mikono.

"Dada yangu, sijui nikuambie aje... Bwana amenionyesha. Huyo si wako."

Nani hubishana na maono? Nilimwendea Barasa nikamwambia Mungu amekataa. Aliniuliza mara moja tu kama nina hakika. Nikasema ndiyo. Akainamisha kichwa, akaenda zake.

Watu husema ziwa letu limefurika kwa sababu ya mvua. Uongo mtupu! Ni mimi niliyelijaza.

Miezi ikapita. Jumapili moja pasta akasimama kutangaza ndoa. Kwetu ndoa hutangazwa Jumapili tatu, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Akasoma jina la Barasa... kisha la Perpetua. Perpetua wangu! Benchi lilizama nami futi mia.

Baada ya ibada nilimkamata nyuma ya tangi la maji.

"Wewe! Si uliniambia Mungu amekataa?"

Akarekebisha kitambaa chake kichwani, hata haraka hakuwa nayo. "Alikukatalia wewe, dada. Mimi hakunikatalia."

Msomaji, ungefanya nini?

Nilimtafuta Barasa. Akanijibu kwa upole, na upole huo ndio ulioniua, kwamba ni mimi niliyemfukuza kwa jina la Mungu, na Perpetua ndiye aliyekuja kumfariji. Wazee wa pande zote mbili walikuwa wameshakubaliana. Basi.

Wiki hiyo nilimfokea Mungu. Niliingia chumba cha baridi tunamohifadhi maua, nikafunga mlango, nikapiga kelele pumzi ikitoka kama moshi wa kiwanda. Mbona ulinyamaza? Kama ulikuwa na neno langu, kwa nini umpe mtu mwingine? Waridi milioni moja zilinitazama tu.

Waumini nao! "Mungu amekuepusha." Kuniepusha na nini, jamani? Barasa si mlevi, si mpigaji, hata kukoroma sidhani anakoroma!

Lakini niliendelea kurudi mle ndani, kila mapumziko ya chai, peke yangu. Siku za kwanza nilifoka. Baadaye nililia. Halafu nikawa nanyamaza tu... na nikaona kwamba katika kile kimya sikuwa peke yangu. Sikupewa jibu. Nilishikwa, kama mtoto anavyoshikwa mkono wakati wa kuvuka barabara.

Jumapili ya tatu ikafika. Pasta akauliza kama kuna pingamizi. Shingo zote zikageuka kwangu, hata za watoto wachanga! Nilikuwa nimejipanga kusimama na kumwanika Perpetua hadi akauke. Nikasema moyoni: Bwana, niambie Wewe mwenyewe. Nisimame au nikae?

Hakukuja sauti wala maono. Ila hasira ililegea kidogo, nikamwona mama yake Barasa kule mbele, amevaa nguo mpya, anatabasamu. Nikajua. Ningemvunja moyo mama wa watu, na mume nisimpate. Nikakaa. Nililia, ndiyo, lakini nilikaa wima.

Bado sijapona. Perpetua akisimama kushuhudia habari za ndoa yake, mimi hutoka kwenda kunywa maji. Mungu ananijua, na hanifukuzi kwa hilo.

Ndugu zangu, ombeni pamoja, kuna nguvu. Lakini usimtume mtu akakusikilizie Mungu! Akikuletea neno, mwambie asante, kisha funga mlango umuulize Mungu mwenyewe. Na ukikuta kimya, tafadhali, kaa hapo hapo. Usikimbilie mdomo wa jirani. Mimi nilikimbilia... na leo mtu niliyempenda anaitwa baba katika nyumba ya Perpetua.