Uzi Mkononi mwa Sreekala

Kila asubuhi, katika wodi ya watoto ya hospitali moja mjini Palakkad, wauguzi walibadilisha bandeji kabla ya kunywa chai. Remya, muuguzi mpya, alishika sinia la dawa. Sreekala, aliyemfundisha kazi, alisafisha vidonda.

Siku hiyo walifika kwa Unni, mtoto aliyejikata mguuni kwa jembe. Kidonda chake kilikataa kupona, na daktari alitaka kumpasua tena. Sreekala alinawa vizuri, lakini mkononi alivaa uzi mwekundu wa baraka, wa hekaluni. Ulikuwa umelowa na kuingia weusi, na ncha yake iligusa kidonda.

Remya aliuona. Akafungua mdomo, kisha akaufunga. Atamwambiaje dada mkubwa jambo kama hilo? Tena uzi wa hekaluni!

Alichoshindwa kukisema wodini, alikisema kwenye chai.

"Mmeuona ule uzi wa dada Sreekala?"

"Ule si uzi, ni tambara la kudekia!" akasema Lekha, muuguzi mwenzao.

"Ukiuchemsha unapata supu," akaongeza Remya.

Walicheka mpaka wakapaliwa. Walipogeuka, Sreekala alikuwa mlangoni na sahani ya ndizi za kukaanga alizowaletea.

"Kuleni, zisipoe," alisema, akaweka sahani na kuondoka.

Remya alitamani ardhi ipasuke immeze. Akamfuata Sreekala chumba cha dawa, macho chini.

"Dada, nisamehe."

"Nikusamehe lipi? Kunicheka, au kuninyamazia?"

Sreekala aliunyoosha mkono wenye uzi.

"Uzi huu alinifunga mama kabla hajafariki. Sikuwa na moyo wa kuuvua. Ungenivuta kando ukaniambia, ningenuna kidogo, halafu ningeuvua. Umewaambia wote isipokuwa mimi! Na Unni je? Umeona uchafu wangu unamgusa, ukaenda kunywa chai."

Hapo ndipo aibu ilipomwingia Remya kwelikweli. Tangu asubuhi alikuwa amejifikiria yeye na Sreekala tu. Mtoto hakumkumbuka hata mara moja.

"Twende tukamsafishe upya, dada," alisema huku machozi yakimtoka.

Sreekala alichukua mkasi, akampa. "Kata wewe. Mimi siwezi." Remya akaukata uzi.

Sista Omana, mkuu wa wodi, aliwakuta wakimfungua Unni bandeji ya asubuhi, akauliza kulikoni. Remya alieleza yote, hata maneno ya supu. Sista alisikiliza mpaka mwisho.

"Sreekala, kidonda hakijui uzi umetoka hekaluni au jalalani. Nawe Remya, kunyamaza si heshima. Kosa la mwenzako mpelekee mwenyewe, faraghani, kwa maneno mazuri, na upesi. Ukilipeleka kwenye chai unamuaibisha yeye na kumuumiza mgonjwa."

Kidonda cha Unni kilianza kukauka, na habari ya kupasuliwa ikaisha. Akaruhusiwa kwenda nyumbani.

Muda si mrefu baadaye, Sreekala alimvuta Remya nyuma ya pazia.

"Mdogo wangu," alimnong'oneza, "kucha zako zimerefuka. Zitawakwaruza watoto."

Uso wa Remya ukawaka moto. Alitaka kusema kwamba hakupata nafasi, kwamba hata Lekha anazo. Akazimeza sababu zake zote.

"Asante, dada," alisema, akaenda kuzikata.