Jongoo wa Bahari Aliyepewa Maji ya Ziwa

Asubuhi ile pale Swima, kando ya ziwa, Adolphine alikuwa anapara samaki nje ya nyumba. Mume wake, Isidore, alikuwa anasafisha pirogi yao, mtumbwi wa kuvulia. Aliisafisha polepole, maana jioni ingekuwa ya mtu mwingine.

Mtu huyo ni Bonaventure, mchuuzi wa mjini Baraka. Jana yake aliwaachia ndoo yenye kifuniko.

"Hii ni jongoo ya bahari," aliwaambia. "Mutaifuga humu mu ziwa. Kule Chine, kwa Bachina, banaitafuta sana. Munipe pirogi, nitawaletea batoto yake mingi. Hii moja muichunge tu."

Pirogi hiyo Isidore aliachiwa na baba yake. Ndiyo iliyowalisha, ndiyo iliyomsomesha binti yao Tania. Kuuliza si ujinga, lakini katika nyumba ile hakuna aliyeuliza.

Adolphine akafunua ndoo. Ndani aliona kitu kinene, cha kijivu, hakina macho wala miguu. Maji yalikuwa yananuka. Akaona aibu. Kwetu mgeni hapewi maji machafu, hata awe mnyama. Akayamwaga yote, akachota maji ya ziwa, haya matamu tunayokunywa sisi sote. Kisha akarudi kwa samaki wake.

Aliporudi kuchungulia, akamwita mumewe kwa kelele.

"Baba Tania, kuya uone. Kinyama kinatapika matumbo."

Isidore akaja mbio. Mimi jirani nikaja nyuma yake. Nilichokiona sitaki kukiona tena. Mnyama alikuwa amevimba. Matumbo yake yalielea nje kama nyuzi, na ngozi ilikuwa inabambuka.

"Mama Tania," Isidore akasema kwa sauti ndogo, "umeua mali ya mutu."

Tukamwita Godelieve, mwanamke wa hapa kijijini. Wakati wa ukimbizi aliishi Bagamoyo, akafanya kazi kwenye shamba la majongoo bahari. Alitazama ndoo, akauliza:

"Mumemuwekea maji gani?"

"Ya hapa," Adolphine akajibu.

"Maji ya hapa haina chumvi. Huyu ni wa maji ya chumvi tu. Hii ya ziwa inaingia mu mwili yake mpaka inamuua."

"Na matumbo?"

"Akishituka ao akiumia, anayatupa inje. Kule bahari, akiachwa kwa amani, anaota ingine."

Isidore akamkazia macho. "Matumbo ingine?"

"Ndiyo. Na anapumua kwa matako."

Adolphine akashika mdomo. Siku nyingine tungecheka.

Godelieve akatueleza yote. Mchana jongoo yule anajifukia kwenye mchanga wa bahari. Usiku anatoka. Anameza mchanga, anachukua chakula kilichomo, anatoa mchanga safi. Kwa hiyo wafugaji hawamlishi. Wanazungusha wavu baharini, mahali pasipo na kina, wanaweka watoto wake, wanangoja mwaka au zaidi. Akikomaa wanamtoa matumbo, wanamchemsha, wanamkausha, wanauza.

"Ni kazi ya muzuri," akasema, "lakini ni ya kule. Humu mu ziwa hata moja haitapona. Na huyu musimutupe mu maji, anaweza kuletea samaki yetu magonjwa. Muchimbe shimo, mumuzike."

Isidore aliigeukia pirogi yake. Alikuwa amekubali kuitoa kwa kitu ambacho kingekufa siku ile ile.

Jioni Bonaventure akafika na ndoo nyingine, ya watoto wa jongoo. Watu walikuwa wengi ufukweni. Isidore hakumtukana. Alijaza basani ya kufulia nguo maji ya ziwa, akaiweka mbele yake.

"Mbele ya kukupa pirogi, kwanza weka moja humu. Tungoje pamoja."

Bonaventure akatazama basani. Akatutazama sisi. Akafunika ndoo yake vizuri.

"Ile maji iko baridi," akasema.

"Basi tuipashe moto," Adolphine akamjibu.

Bonaventure akabeba ndoo yake. Alipanda pikipiki, akarudi Baraka.

Leo Isidore ana bwawa la ngege, samaki wa maji yetu wenyewe. Wakikua anawapakia kwenye pirogi ya baba yake, anakwenda kuwauza sokoni Mboko. Na mtu akileta Swima mnyama mgeni, akianza kusifu faida, Adolphine anamkata neno.

"Kwanza utuambie," anasema. "Kwabo anakunywa maji gani?"