Ua la Nane

Haya yalimkuta rafiki yangu Khatoon, kwenye maghorofa ya Flemingdon Park, huko ughaibuni, jioni moja umeme ulipokatika. Msikiti ulitaka kuonyesha kitambaa cha pamba cha marehemu bibi yake. Kila alipofariki mtu wa ukoo wao, bibi alifunika jeneza kwa kitambaa hicho, na baada ya mazishi akagonga juu yake ua jekundu kwa muhuri wa mbao. Muhuri ulipotea Tanga kabla Khatoon hajazaliwa.

Ko! Ko!

"Kutwa nzima napekua kabati nikitafuta kitambaa, na huyo wa juu anagonga! Reza, kamwambie aache!"

"Juu wamehama," mumewe alijibu.

Ko! Safari hii ndani ya kabati, karibu na goti lake.

Akaingiza mkono, akakivuta kitambaa kutoka chini ya kabati kwa hasira, akawasha tochi ya simu. Maua saba aliyoyajua tangu utotoni yalikuwa yamefifia. La nane lilimwachia rangi mbichi kidoleni.