Taulo la Maji Moto Juu ya Plasta

Mutheu alikuwa na sala ndefu. Kabla ya chakula cha mchana alimwombea kila mtu wa ukoo kwa jina. Githeri ilipoa mezani, huku Ndinda, mke wa mwanawe, akifungua jicho moja kuitazama.

Mutheu alitoka Thika akaja kukaa na Ndinda huko Mwihoko saratani ilipoingia kwenye mifupa ya mgongo. Daktari alimpa plasta ya dawa kali ya maumivu. Inabandikwa begani, na dawa inapita kwenye ngozi polepole. Maumivu yalipungua, lakini hayakuisha.

Basi Ndinda akafanya vile alivyofanyiwa yeye alipojifungua. Alichemsha maji, akachovya taulo, akakamua, akamkanda mama mkwe mgongo na mabega, plasta ikiwa bado begani. Aliona dawa na moto vitasaidiana.

Mchana huo Mutheu alianza sala. Alipofika kwa Kisilu, mjukuu wake, akanyamaza. Ndinda alidhani anatafuta jina linalofuata. Kisha kichwa kikainama. Pumzi moja ilitoka, na nyingine ikachelewa sana kuja.

Ndinda alimkimbilia jirani yake Selpha, ambaye ni muuguzi. Selpha aligusa bega la mgonjwa. Lilikuwa bado na joto.

"Mama Kisilu, umemkanda hapa na maji moto?"

"Ndiyo, sista. Asubuhi, na sasa hivi tena. Alikuwa analia na mgongo."

Selpha alivaa mfuko wa plastiki mkononi, akabandua plasta, akaosha ngozi kwa maji baridi bila sabuni. Akaita gari la hospitali. Walipokuwa wakilingoja, hakuacha kumwita Mutheu kwa sauti asilale.

"Dawa hii imepimwa iingie kidogo kidogo," alimwambia Ndinda. "Ukiweka moto, inaingia kwa fujo. Ikizidi, mtu analala mpaka anasahau kupumua."

"Nimemuua mama?"

"Bado tuko naye. Lakini kubandua hakutoshi. Ile iliyoingia bado inafanya kazi. Lazima aangaliwe hospitali."

Huko walimchoma sindano ya kupunguza nguvu za dawa, wakakaa wakimwangalia. Kesho yake Mutheu aliamka vizuri, akauliza nani alikula githeri yake. Ndinda alicheka na kulia pamoja.

Waliporudi nyumbani, Selpha alikaa nao akawaeleza. Moto wowote ni mbali na plasta: taulo, chupa ya maji moto, hata kuota jua mgongoni. Homa ikipanda, daktari aambiwe. Plasta ya zamani ibanduliwe kwanza, mpya ikae mahali pengine pakavu. Iliyotumika ikunjwe, gundi ikiwa ndani, isimfikie Kisilu, irudishwe hospitali. Ndinda akasema kwamba Njambi wa kanisani alikuwa ameomba plasta moja ya goti lake linalouma.

"Hapana," Selpha alisema. "Ya mgonjwa huyu inaweza kumuua mwingine. Na maumivu yakizidi, mpigie daktari. Usiongeze chako."

"Kwa hivyo nisimguse tena?"

"Mguse. Mkande miguu kwa mikono tu."

Daktari alipanga dawa upya, na Mutheu akaanza kulala vizuri. Jumapili alifumba macho mezani akaombea ukoo wote. Alipofika kwa Kisilu, alinyamaza. Ndinda naye akaacha kupumua.

"Na Ndinda," Mutheu akaendelea, "na taulo lake. Bwana, mpe kazi nyingine."

Githeri ikapoa. Ndinda hakufungua jicho.