Tundu la Spoku

Kila asubuhi, kabla hata ya kupiga mswaki, Chiriku alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kuwasikiliza vifaranga. Alisimama nje ya chumba cha mashine ya kutotolesha, akatega sikio kama alivyofundishwa na mama yake. Wakilia kwa sauti ya chini, kama watu wanaonong'onezana, hali ni shwari. Wakipiga kelele, kuna jambo: baridi, joto au kiu.

Kazi ya pili ilikuwa kuangalia maji ya pikapu. Gari hilo lilikuwa na umri mkubwa kuliko wa Chiriku, na nyumbani waliliita Bi Mkubwa, kwa kuwa halikimbizwi wala halijibizwi. Chiriku alifungua boneti injini ikiwa bado baridi, akazungusha kifuniko cha rejeta, akachungulia. Rejeta ni lile sanduku bapa la vijibomba vyembamba lililo mbele ya injini. Maji hupita humo yakapozwa na upepo. Maji yalitakiwa kufika shingoni. Kaka yake aliitamani sana kazi hiyo, lakini Mama alimpa Chiriku.

"Wewe una haraka," Mama alimwambia kaka mtu. "Bi Mkubwa anataka mtu mwenye subira."

Chiriku aliitwa hivyo kwa sababu ya kusema sana. Baba yake alizoea kusema, "Huyu akinyamaza, mpimeni homa." Hata hivyo, wiki ile kulikuwa na jambo moja ambalo Chiriku hakulisema kwa mtu.

Pikapu iliegeshwa karibu na banda la kuku wakubwa. Manyoya yalipeperuka na kunasa kwenye rejeta, na Mama alimwambia ayatoe kwa sababu yalizuia hewa. Ya juu aliyatoa kwa vidole. Ya ndani yalikataa katakata. Chiriku akaokota spoku kuukuu ya baiskeli, akaanza kuchokoa. Manyoya yalitoka vizuri, moja baada ya jingine, mpaka spoku ikazama kuliko alivyotaka. Alipoichomoa, tone la maji lilifuata, dogo kama chozi. Alilipangusa kwa kidole. Likaja lingine.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi alikuta maji yameshuka, na kila asubuhi aliyajaza mpaka shingoni. Mama alipouliza, "Maji?" alijibu, "Yamejaa, Mama." Na kweli yalikuwa yamejaa. Hilo ndilo lililomtatiza. Hakutamka uongo hata mara moja, lakini moyo ulimdunda kama wa mwongo. Alijiambia kwamba tundu ni dogo, na kwamba akisema, kazi itakwenda kwa kaka yake, naye atamcheka mpaka sikukuu.

Jumamosi ilikuwa siku ya kupeleka vifaranga kwa mwalimu mmoja mstaafu aliyekaa ng'ambo ya kilima. Alikuwa mteja mpya. Mama alipanga maboksi yenye matundu nyuma ya pikapu, akayafunika kwa shuka nyepesi, akaweka dumu la maji na kikopo chenye kipande cha sabuni. Hakuwagusa vifaranga kabla ya kunawa, hata angekuwa na haraka kiasi gani.

"Maji?" aliuliza.

"Yamejaa, Mama."

Walikwenda vizuri kwenye tambarare. Upepo uliingia nyuma, vifaranga wakanong'ona. Kaka alikuwa akiimba wimbo ambao maneno yake hakuyajua, akijaza mapengo kwa "la la la". Walipoanza kupanda kilima, Chiriku akauona mshale wa joto kwenye dashibodi. Kwa kawaida ulilala katikati. Sasa ulikuwa ukiinuka. Alifungua mdomo, akaufunga.

Kabla ya kufika kileleni, moshi mweupe ulifumka mbele ya kioo. Haukuwa moshi bali mvuke. Mama akasogeza gari pembeni na kuzima injini.

Upepo ulikatika palepale. Jua lilikuwa kali, na nyuma yao minong'ono ikageuka kelele.

"Shusheni maboksi," Mama alisema kwa utulivu. "Yapelekeni kwenye kivuli cha ule ukuta wa daraja. Msiyapandanishe. Fungueni vifuniko wapate hewa."

Walishusha. Ndani ya boksi moja vifaranga walikuwa wametanua mabawa, midomo wazi, wakihema. Mmoja alikuwa amelala ubavu. Chiriku akakimbia hadi mbele ya gari, akajizungushia kanga mkononi na kushika kifuniko cha rejeta. Kama angejaza maji haraka, labda wangeondoka haraka.

Mkono wa Mama ulimdaka.

"Hapana. Maji ya humo yamechemka na yamebanwa. Ukifungua sasa, yatakurukia usoni. Tunangoja chuma kipoe. Gari tunaweza kulitengeneza, uso wako siwezi."

Wakangoja. Mwanamume mmoja aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye mzigo wa kuni alisimama. Chiriku na kaka yake wakamsalimia, "Shikamoo."

"Marahaba, wanangu. Pole, dada. Limechoka?"

"Limekasirika," Mama alisema. "Linavuja mahali, sijui wapi. Kote kumelowa."

"Tia yai. Yai likiiva humo ndani huziba. Nimeona kwa macho yangu."

"Kaka yangu, umekuja umechelewa. Mayai yangu yote yameshaota miguu, hayo yanalia pale."

Mwenye baiskeli akaangua kicheko, akaegemeza baiskeli yake. Hata hivyo Mama hakucheka sana. Aliinama, akapapasa mipira ya maji, akachungulia chini. Mvuke ulikuwa umelowesha kila kitu, na huwezi kuziba tundu usilolijua.

Injini ilipopoa, Mama alifungua kifuniko taratibu kwa kanga. Akalichukua dumu na kulitikisa.

"Nitamimina tuone panapotoka," alisema. "Yote yatamwagika, lakini sina njia nyingine."

"Na vifaranga?" kaka aliuliza. "Watakunywa nini?"

Mama alisimama akiwa ameshika dumu kwa mikono miwili, akitazama gari, akitazama maboksi. Chiriku alikuwa hajawahi kumwona mama yake akishindwa kuchagua. Pale kivulini, yule kifaranga aliyelala ubavu alikuwa hajainuka.

"Usimimine, Mama," Chiriku alisema. Sauti yake ilitoka nyembamba. "Napajua. Ni kushoto, chini, safu ya tatu kutoka pembeni. Ni mimi niliyepatoboa."

Kaka yake aligeuka. Mwenye baiskeli akaanza ghafla kukaza kamba za kuni zake, ingawa zilikuwa zimekazwa.

"Kwa kitu gani?" Mama aliuliza.

"Kwa spoku. Nilikuwa natoa manyoya. Halafu nikawa naongeza maji kila siku ili yaonekane yamejaa."

Mama akamkabidhi kaka dumu. "Wape vifaranga maji kwanza, kidogo kidogo. Aliyelala mchovye mdomo kwa kidole. Chiriku, lete sabuni. Njoo unionyeshe."

Chiriku alionyesha. Mama aliichukua sabuni, akaikanda kwa matone machache ya maji mpaka ikawa laini kama unga uliokandwa. Kwa koleo ndogo iliyokaa chini ya kiti cha gari alipinda vipande vyembamba vya bati vilivyo kati ya vijibomba ili kidole kipate njia, akaisukuma sabuni ndani ya tundu, akaongeza nyingine juu yake.

"Ningepata mpira wa kuibana," alisema.

Mwenye baiskeli alifungua kamba moja ya mzigo wake, iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu. "Mpira ndio huu. Kuni hazitakimbia."

Mama alikata kipande, akakilaza juu ya sabuni na kukibana kwa kijiti cha kuni. Maji yaliyobaki dumuni yakamiminwa polepole kwenye rejeta. Wote wanne wakainama kutazama mahali pamoja, vichwa karibu kugongana. Tone moja lilijitokeza, likaning'inia, likakauka. Lingine halikuja.

"Yai lingefaa pia," mwenye baiskeli alisema.

"Wiki ijayo nitakuletea trei, ujaribu kwenye baiskeli."

Kifuniko Mama alikiacha kimelegea kidogo ili mvuke usibanwe tena na kuisukuma sabuni nje. Maboksi yakarudishwa. Yule kifaranga aliyelala alikuwa amesimama, miguu ikitetemeka kama ya mlevi, lakini amesimama.

Safari iliyobaki ilikuwa ya ajabu. Mama aliwasha kile kipasha joto cha ndani ya gari mpaka mwisho, jua likiwa utosini, ili joto la injini lipungue kwa kuhamia ndani walimokaa.

"Tunaokwa," kaka alilalamika huku jasho likimchuruzika. "Tukifika, mwalimu atatupokea pamoja na kachumbari."

Chiriku alicheka, kisha akakumbuka kwamba hakustahili kucheka, akanyamaza. Kaka yake akamsukuma kidogo kwa bega. "Cheka tu. Mimi ningeficha mpaka gari lilipuke."

Mshale ulipanda kidogo, ukatulia. Walipovuka kilele na upepo ukaanza kuvuma tena, minong'ono ilirudi nyuma yao. Chiriku aliisikia, akashusha pumzi ndefu ambayo alihisi ameishikilia wiki nzima.

Mwalimu mstaafu alikuwa akingoja langoni. Vifaranga walishuka wote wakiwa hai, wakaingia bandani na kukimbilia maji kana kwamba hawakuwa wamekunywa kamwe. Baadaye Mama alilipeleka gari kwa fundi wa rejeta jirani na hapo. Fundi alitoa sabuni iliyokauka, akatikisa kichwa.

"Hii imewafikisha, lakini ni bandeji tu," alisema. "Dawa ni kuchomelea." Akawasha moto wake.

Mama na Chiriku walikaa kwenye benchi nje ya karakana.

"Mama, kazi ya maji utampa kaka?"

"Nilikuagiza utoe manyoya, sikukuonyesha namna ya kuyatoa," Mama alisema. "Yanatolewa kwa maji na brashi laini, si kwa chuma. Hilo tundu tuligawane, nusu yako na nusu yangu. Lakini ile wiki ya kunyamaza ni yako peke yako."

Chiriku alitazama miguu yake.

"Sikiliza, mwanangu. Kuharibu kitu kwa bahati mbaya si aibu. Ungeniambia siku ile ile, fundi angeziba tone moja, na leo tusingesimama juani. Kosa ukilijazia maji kila asubuhi, halitoweki, linangoja kilima. Na unaweza kusema maneno ya kweli tupu, bado ukawa umemdanganya mtu. Ulilijua hilo, ndiyo maana ulikosa raha."

"Ndiyo, Mama."

"Leo ulisema wakati ambapo kusema kulikuwa kugumu zaidi. Bila wewe ningemwaga maji yote, na wale wadogo wasingefika. Kazi ni yako."

Chiriku akaegemeza kichwa begani kwa mama yake, na Mama akamwachia bega. Ndani ya karakana fundi alijaza maji, akaita waje watazame. Walisimama mbele ya rejeta wakangoja. Pale kushoto, chini, palikuwa pakavu.