Sauti ya Marehemu Kwenye Kioo cha Kompyuta

Kila siku akitoka shuleni, Viviane alichota maji, akaacha dumu mlangoni mwa nyumba yao kule Misiera, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, kisha akaenda kufagia chumba cha kompyuta karibu na Base Camp, penye ofisi za kambi. Hakuna aliyemtuma. Baba yake, Appolinaire, ndiye aliyekuwa akifundisha humo hadi malaria ilipomchukua mwaka 2013. Sasa mwaka mwingine ulikuwa umeingia, Viviane ametimiza miaka kumi na mitatu, na mtu akithubutu kumwambia kwamba chumba kile si chao tena, alinuna siku nzima.

Kabla ya kufa, baba yake alikuwa ametengeneza ukurasa wa kutafutia ndugu. Watu waliofika Nakivale kutoka Kivu Kusini, Congo, waliandikishwa humo, na aliyepotezana na mtu wake njiani aliweza kuandika jina akaona kama amepita. Ukurasa huo ulikaa kwenye kompyuta moja iliyoitwa seva, na kompyuta nyingine za chumbani ziliusoma kutoka huko. Mvua za mwaka uliofuata kifo chake zilipoanza, radi iliipiga seva. Diski yenye majina ilipona, lakini mashine yenyewe ikawa ya kutupa.

Seva nyingine ilinunuliwa mjini Mbarara. Mwalimu Yvette, aliyeshika nafasi ya Appolinaire, alihamishia humo mafaili yote. Ukutani palikuwa na karatasi ambayo marehemu aliiandika zamani, alipokuwa bado anajifunza kazi. Ilieleza namna ya kuifanya seva ielewe PHP, lugha iliyotumika kuuandika ukurasa ule. Fungua faili hili, karatasi ilisema. Nenda mwisho, ongeza mistari hii, zima seva, washa tena. Mwalimu Yvette alifuata neno kwa neno, nukta kwa nukta, Viviane akimsomea mwandiko wa baba yake.

Walipofungua ukurasa, hawakuona kisanduku cha kuandikia jina. Kioo kilijaa mabano, alama za dola na maneno ya Kiingereza yaliyokatikakatika. Katikati ya vurugu hiyo kulikuwa na Kiswahili cha nyumbani kwao.

"Hapa mutu anaandika jina," yalisema maneno. Chini kidogo: "Viviane amemwanga chai juu ya meza. Nitaanza tena kesho." Na chini zaidi: "Fasi hii musiguse. Niko narudi."

Viviane alisisimka mwili mzima. Chai ile aliikumbuka, na alivyokemewa alikumbuka pia. Alitaka kukimbia, na wakati huohuo alitaka kuukumbatia ule mtambo.

Habari hazina miguu lakini hutembea. Jioni hiyo madirisha yalijaa watu. Wanaume walivua kofia, wanawake wakafanya ishara ya msalaba.

"Papa Viviane iko nasema," walinong'onezana. "Amesema iko narudi!"

Mwalimu Yvette alisema hayo ni mambo ya mashine tu. Alirudia maagizo ya karatasi, na yale maneno yakatokea vilevile. Alipofikiri kujaribu njia nyingine, mzee Munyakazi, jirani yao, alimkataza.

"Neno la marehemu halibadilishwi, Mwalimu. Kama karatasi yake haifanyi kazi, basi iko na sababu yake. Muache kwanza."

Basi wakaacha. Watoto wadogo wakawa hawapiti tena karibu na chumba kile. Viviane peke yake aliendelea kuja, akifagia upesi upesi ili apate nafasi ya kukaa mbele ya kioo na kusoma. Upepo ulipotikisa mabati aligeuka nyuma, akidhani kuna mtu amesimama. Aliogopa sana, na hofu hiyo aliipenda.

Juma lililofuata mama yake alikuwa anakwenda Mbarara kununua vitenge vya kuuza. Mwalimu Yvette akaibandua karatasi ukutani, akampa Viviane. "Nenda naye. Mwonyeshe Buruhan, yule fundi aliyetuuzia seva. Muulize tumekosea wapi."

Mama alipoingia sokoni, Viviane aliingia dukani kwa Buruhan, mzee mwenye kofia nyeupe aliyekuwa ameinamia redio iliyofunguliwa.

"Shikamoo, fundi. Mwalimu Yvette wa Nakivale amenituma. Ni mambo ya pe-ash-pe."

"Pe-ash-pe?" Buruhan alikuna kidevu. "Hiyo ni dawa ama ni chakula, nyabo? Hapa iko redio na kompyuta tu."

Viviane alimnyooshea karatasi. Fundi akaitazama, akacheka hadi akashika meza. "Ah! Pi-eichi-pi! Nyinyi watu ya Congo na Kifaransa yenu mtaniua!" Kisha akasoma vizuri, na kicheko kikaisha. "Banange, hii karatasi ni mzee sana. Hii faili inasema mfungue, seva ya siku hizi haisomi tena. Mnaandika, mnaandika, yeye hata haangalii. Ni kama kupeleka barua kwa nyumba, kumbe wenyewe walihama."

"Kwa hiyo baba alikosea?"

"Hapana. Wakati ile ilikuwa sawa kabisa. Dunia ndiyo imesogea. Pi-eichi-pi iko ndani tayari, mimi niliiweka. Imelala tu. Kuiamsha, andika a2enmod, acha nafasi, andika php5. Zima seva, washa tena. Kwisha."

Viviane alimweleza kuhusu kifo cha baba yake na maneno ya kwenye kioo.

"Mbele ya hayo maneno kuna mistari miwili imeinama?" Buruhan aliuliza.

"Ndiyo, iko."

"Pole, mtoto wangu. Mungu amrehemu baba. Sikia. Sisi watu ya kompyuta tunaandika maneno kama hayo kujikumbusha. Ile mistari miwili inaambia mashine, hapa usisome, hapa ni kwa mtu. 'Niko narudi' ni kazi alikuwa hajamaliza, alitaka kuirudia. Hata mimi naandika hivyo kila siku."

"Tukiandika ule mstari wako, hayo maneno yataonekana?"

"Hapana. Seva itafanya kazi yake, na hayo yatabaki ndani."

Njia nzima ya kurudi Viviane alirudia mstari ule moyoni asije akausahau, huku akimwomba Mungu ausahau.

"Fundi amesema nini?" Mwalimu Yvette aliuliza.

"Amesema karatasi ya baba iko sawa," Viviane alijibu. "Tungoje tu." Uongo ulimtoka kwa urahisi zaidi kuliko alivyotazamia, na hilo likamtia hofu kuliko upepo wa kwenye mabati.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Siku iliyofuata alipofika na ufagio wake alimkuta mwanamke amekaa mbele ya kioo. Jina lake lilikuwa Bénédicte, ila wote walimwita Mama Parfait, kwa jina la mwanawe aliyepotea siku walipokimbia vita. Yeye alikuwa amefika Nakivale seva ikiwa imekwisha kuungua, kwa hiyo hakuwahi kulitafuta jina la mtoto. Mwalimu Yvette alisimama kando yake.

"Papa Viviane," mwanamke alikiambia kioo kwa sauti ya chini, "kule uko, unaona batu bote. Uniambie neno moja tu. Parfait iko pamoja na wewe? Kama iko na wewe, nilie, niache kumutafuta."

Ufagio ulimdondoka Viviane. Mwanamke huyu alikuwa anaomba mtoto wake kwa marehemu, wakati yeye amekalia ufunguo.

"Mama Parfait, usimuulize baba!" alilia. "Hajui! Hasemi! Mimi ndiye nimewadanganya!"

Akasema yote. Mwalimu Yvette aliacha kioo, akamgeukia.

"Ulijua tangu jana?"

"Ndiyo, Mwalimu. Niliogopa baba atakwenda tena."

Mwalimu hakumkaripia. Alivuta kiti, akamketisha. "Andika wewe mwenyewe."

Viviane aliandika mstari wa Buruhan. Wakaizima seva, wakaiwasha. Kioo kikawa cheupe. Maneno ya baba yake hayakuwepo tena, wala ile chai, wala ile ahadi. Pakatokea kisanduku na kitufe kilichoandikwa "Tafuta". Viviane alilia kama siku ya mazishi, na Mama Parfait, ambaye angeweza kumkasirikia, akamlaza kichwa begani.

Alipotulia, Viviane aliandika jina la Parfait, na la mama yake, Bénédicte. Akabonyeza.

Mstari mmoja ulitokea. Parfait, mwana wa Bénédicte. Alifika peke yake. Yuko kwa familia ya Ndayambaje, Juru. Aliyemwandikisha: Appolinaire.

Juru ilikuwa humohumo Nakivale.

Mama Parfait aliligusa jina kwa kidole, akasimama, akatoka.

"Umeona, Viviane?" Mwalimu Yvette alisema, naye akifuta macho. "Baba yako hakuandika ili tukae hapa tunamsoma yeye. Aliandika ili mama huyu ampate mwanawe. Maagizo huzeeka, hata ya mtu tunayempenda, na kumheshimu marehemu ni kuifanya kazi yake iendelee. Wewe ulitaka kumshika baba yako, ukamzuilia mwenzako mtoto. Ukweli ukifichwa, anayeumia mara nyingi ni mtu usiyemwona."

"Nimeelewa, Mwalimu. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Sasa tazama, amesahau ndala zake."

Zilikuwa chini ya kiti, na Mama Parfait alikwisha kufika barabarani, miguu mitupu, akiifuata njia ya Juru. Viviane alizichukua, akamkimbilia.